Vidato Thelathini na Kimoja

Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, Virgilio Guartambel alisimama juu kabisa ya ngazi ya mawe ya Maktaba ya Santa Rita na kuanza kupiga deki. Alishuka kinyumenyume, kidato baada ya kidato, ili asikanyage alipokwisha kupasafisha. Vidato vilikuwa thelathini na kimoja. Kwa miaka ishirini na sita ya ubawabu alikuwa amevijua jinsi mtu anavyoyajua meno yake kwa ulimi: cha saba kimelika upande wa kushoto, cha kumi na tisa kina ufa, cha ishirini na nne huteleza hata jua likiwaka.

Jumanne hiyo alikuwa amefika katikati pale Fausto, mlinzi wa getini, alipoita kutoka uani.

"Don Virgilio! Kuna wa kubebwa!"

Neno alilotumia Fausto ni *marcar*. Ndilo wanalosema, kwa Kihispania chao, akina mama wa milima inayouzunguka mji ule wanapomnyanyua mtoto mchanga na kumlaza mikononi. Mbali na milima ile neno hilo lina maana nyingine, lakini Virgilio hakuwa na habari. Hakuwahi kuishi mbali na milima ile.

Aliegemeza fagio la deki ukutani, akafuta mikono kwenye suruali, akashuka. Uani alikuwepo mama mmoja mnene wa pwani kwenye kiti cha magurudumu, na mumewe nyuma yake na kamera. Saa ya kufungua ilikuwa bado, ila basi lao la kurudi Guayaquil lingeondoka mapema, na Fausto hakuwa hodari wa kukatalia watu.

"Mzito kidogo, huyu," mume alimwambia Virgilio.

"Huyu anasikia," mama akasema. "Mwambie na wewe unakoroma."

Virgilio alicheka kwa adabu, akapiga goti, akapitisha mkono mmoja chini ya magoti ya yule mama na mwingine mgongoni. "Shika shingo yangu, mama. Ukiogopa, fumba macho."

"Na wewe ukiogopa?"

"Mimi navijua hata nikifumba."

Akapanda. Nusu ya chini ilikuwa kavu, nusu ya juu imelowa kwa deki yake mwenyewe. Mama yule alikuwa amefumba macho na ananong'ona sala. Kwenye kidato cha kumi na tisa, chenye ufa, kitu kilikatika ndani ya kiuno cha Virgilio, kwa sauti ndogo, kama kijiti kikavu mtu anapokikanyaga. Hakusimama. Alijua akisimama hataondoka tena. Alivipanda kumi na viwili vilivyobaki kwa uso uleule, akamkalisha yule mama kwenye kiti cha ngozi mlangoni mwa ukumbi wa kusomea, akashika fremu ya mlango kwa muda kama mtu anayetazama saa.

"Mungu akulipe," mama alisema, naye alimaanisha.

Mume alichukua sarafu ya dola moja akaitumbukiza mwenyewe katika mfuko wa shati la Virgilio, akaupigapiga ule mfuko mara mbili. Nusu saa baadaye ilibidi mama ateremshwe. Virgilio alimwomba Fausto amshike miguu.

"Vipi leo, mzee?" Fausto aliuliza. "Umezeeka tangu jana?"

"Vidato vimelowa," Virgilio akasema.

&nbsp;

Nyumba ya Virgilio ilikuwa El Vecino, mtaa wa wasuka kofia. Mlangoni, juu ya kizingiti, palikuwa na mteremko wa mbao ambao Virgilio aliutengeneza kwa mikono yake, kwa rafu kuukuu alizopewa Santa Rita walipoweka mpya. Binti yake alitoka na kuingia juu ya mbao zilizobeba vitabu vya watawa wa zamani wa Santa Rita kwa miaka mia mbili. Nyumbani hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Lilikuwa mlango tu.

Binti alikuwa na miaka ishirini na sita, na aliitwa Nube. Mawakili wa mjini walimtumia picha za hati kongwe za mashamba, zile zilizoandikwa kwa kalamu ya unyoya, herufi zimelaliana kama nyasi baada ya mvua, naye aliwarudishia maneno yaliyonyooka. Kuna mawakili waliofanya naye kazi miaka minne bila kujua kwamba hatembei. Hilo lilimpendeza.

Jioni ile mama yake, Zoila, alikuwa akisuka kofia huku jicho moja liko kwenye supu ya viazi. Nube alikuwa na barua mezani.

"Baba, kaa kwanza."

Virgilio alikaa polepole. Zoila aliona alivyokaa, akaendelea kusuka.

"Wameomba watu arobaini na watatu," Nube alisema. "Wamechagua watano. Mimi wa tatu kwenye orodha."

Ilikuwa nafasi ya msomaji wa miandiko ya kale, Santa Rita, kazi ya kudumu yenye bima na likizo. Nafasi ya namna hiyo hutangazwa anapokufa mtu, na safari hii aliyekufa alikuwa ameikalia miaka thelathini na nane.

"Wa tatu!" Zoila aliiangusha kofia mapajani. "Utavaa ile sketi ya bluu. Virgilio, husemi kitu? Mtoto wako wa tatu kati ya watu arobaini!"

"Nilijua," Virgilio alisema, na macho yalikuwa yamemlowa. "Hao wengine ni akina nani hasa."

"Mtihani ni Ijumaa saa mbili kamili asubuhi. Ukumbi wa juu." Nube aliinamisha barua kwenye taa akasoma mstari wa mwisho. "'Jengo letu linafikika na watu wote.'" Akausoma tena, taratibu, kama anavyosoma hati ambayo mwandishi wake anashukiwa kuongopa. "Linafikika. Baba, linafikikaje?"

Virgilio alipuliza supu ambayo haikuwa ya moto.

"Nitakupandisha mimi," alisema. "Wewe ni mwepesi. Nimepandisha majaji mimi, nimempandisha dadake askofu."

"Hapana, baba."

Alikuwa amemwambia neno hilohilo akiwa na miaka kumi na mmoja, mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu wa ubatizo. Tangu siku ile Virgilio hakumbeba tena. Alijifunza kusukuma, na baadaye akajifunza kutosukuma mpaka aombwe.

"Ni siku moja tu," Zoila alijaribu.

"Kesho nitakwenda kuongea na Mkurugenzi," Nube alisema, akaikunja barua. "Chumba cha chini kipo. Meza ipo. Watanishushia kitabu."

Virgilio alikijua chumba cha chini. Ndimo alimoweka mafagio.

&nbsp;

Daktari Montesinos, Mkurugenzi wa Santa Rita, hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na mazoea ya kuzungumza na walio uani akiwa juu, viwiko vimeegemea ukuta wa roshani. Ilimwokolea vidato thelathini na kimoja. Jumatano alitokeza na kalamu mkononi, akatazama chini, akatabasamu.

"Nube! Mtoto wa nyumbani huyu! Don Virgilio, amekua, eh? Anasemaje?"

"Nasema mwenyewe, daktari," Nube alijibu. Ilimbidi ainue uso na kupaza sauti, na kwa kuwa ua ule ulikuwa na mwangwi, kila alichosema alikisikia mara mbili. "Naomba mtihani wangu niufanyie chini. Chumba hiki hapa. Dakika zilezile, msimamizi yeyote."

"Ningependa, binti yangu, Mungu anaona. Lakini mtihani unafanywa juu ya kitabu chenyewe, daftari la watawa, na kitabu hakitoki ukumbini. Baba yako anakijua kile kibao."

Virgilio alikijua. Alikifuta vumbi kila Jumatatu. Kilikuwa juu ya mlango wa ukumbi, rangi nyekundu juu ya mbao, na kilisema kwamba atakayetoa kitabu humu, hata kwa saa moja, ametengwa na Kanisa. Aliyekiandika alikuwa askofu wa zamani sana.

"Askofu yule amekufa, daktari," Nube alisema.

"Askofu amekufa, kanuni haijafa."

"Basi nipeni picha za kurasa. Ndiyo kazi yangu ya kila siku."

"Wenzako wanne watashika kitabu chenyewe. Nikikupa wewe picha, watasema nimekupendelea kwa sababu ya baba yako. Unataka upendeleo?"

"Nataka mlango."

Fausto, aliyekuwa getini akijifanya anasoma gazeti, aligeuza ukurasa.

"Mlango uko wazi kwa kila mtu," Mkurugenzi alisema, sasa bila tabasamu. "Ngazi ni urithi unaolindwa, siruhusiwi kupigilia hata msumari. Lakini utaratibu tunao, na kila mwaka naupeleka kwa maandishi. Ijumaa hiyohiyo, kwa bahati, anakuja mama wa ule mfuko wa misaada wa Hispania unaoyapokea maandishi hayo, kuukagua utaratibu wenyewe, kabla hawajatoa fedha za paa. Paa, Nube! Mvua ikija tunatega ndoo kati ya vitabu, baba yako ndiye anayezimwaga. Kwa hiyo tusilete maneno wiki hii, eh? Don Virgilio atakupandisha kama anavyopandisha wengine. Sivyo, Don Virgilio?"

Utaratibu ule ulizaliwa palepale, miaka sita nyuma. Mkurugenzi alikuwa na fomu mkononi, akainama juu ya ukuta wa roshani akauliza: "Don Virgilio, wale wa viti huwa wanapandaje?" Virgilio, fagio mkononi, akajibu: "Nawabeba, daktari wangu." Mkurugenzi akaandika neno lilelile alilolisikia, lile la akina mama, na kila mwaka akalinakili kutoka fomu ya mwaka uliotangulia. Penye swali kama jengo linafikika, alitia alama penye ndiyo.

"Sivyo, Don Virgilio?" Mkurugenzi aliuliza tena.

"Ndivyo, daktari wangu."

Nube alimtazama baba yake. Hakumtazama kwa muda mrefu. Virgilio angependelea amtazame kwa muda mrefu.

Nube akageuza kiti chake mwenyewe, akapita getini. Fausto alimkimbilia kumsaidia kwenye ukingo wa barabara, akachelewa. Nube alikuwa ameshaushuka, peke yake.

&nbsp;

Alhamisi jioni Nube aliingia chumbani kwa wazazi kutafuta waya wa kuchajia simu. Baba yake alikuwa amelala kifudifudi bila shati, na mama yake alikuwa akimchua kiuno kwa pombe kali ya miwa iliyolowekwa majani. Chumba kizima kilinuka kama sikukuu.

"Ni nini hicho?"

"Baridi," Virgilio aliuambia mto.

"Baridi!" Zoila alisema. "Tangu Jumanne anavaa soksi akiwa amelala. Jana nimemfunga kamba za viatu kama mtoto wa chekechea. Mwulize kidato cha ngapi. Hata namba anaijua."

"Zoila."

"Mwulize!"

"Cha kumi na tisa," Virgilio alisema.

Nube alifunga breki za kiti. "Na kesho ulitaka unibebe hivyo?"

"Wewe ni mwepesi."

"Baba, ukianguka na mimi?"

"Sijawahi kumwangusha mtu."

"Na nikishinda? Umefikiria nikishinda? Kazi ni kila siku. Choo kiko chini. Chakula ni chini. Kupanda asubuhi, kushuka, kupanda, kushuka jioni. Nikiumwa tumbo je, nikuite kwa kengele?"

"Ningeweza," Virgilio alisema. Halafu, kwa kuwa hakuweza kujigeuza na kwa hiyo hakumwona mtu, ikawa rahisi kidogo kusema: "Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nikisema sibebi, wataniuliza kwa nini. Nikisema mgongo, watanitoa mapema, nusu ya pensheni. Kingine ninachofanya pale ni kupiga deki. Kupiga deki mtu yeyote anaweza."

Zoila aliacha kuchua. Hakuwa amelisikia hilo kabla.

"Si mgongo," Nube alisema kwa sauti ya chini. "Hata ungekuwa na mgongo wa farasi nisingetaka."

"Unaniona aibu."

"Sikuoni aibu wewe. Nikiwa kwenye kiti changu, watu angalau wanaanza na mimi kabla hawajahamia kwako. Nikiwa mikononi mwako hawaanzi kabisa. Wanakuuliza wewe kama nasikia baridi. Na mimi sina hata pa kutazama, baba. Naitazama kola yako."

Virgilio alitaka kumwambia kwamba aliyaelewa hayo zamani, mlangoni mwa kanisa, na kwamba tangu siku ile kila mgeni anayembeba yeye humwambia shika shingo, fumba macho, kwa sababu anajua hawana pa kutazama. Mtaani mtu alikuwa anauza mahindi ya kuchoma.

"Supu inapoa," akasema.

Hapakuwa na supu. Zoila alikuwa hajapika.

Nube alifungua breki. "Nitakwenda," alisema kutoka mlangoni. "Saa mbili kasoro robo nitakuwa uani. Wakitaka kunifuta, wanifute wakiwa wananiona."

&nbsp;

Ijumaa Virgilio hakumaliza ngazi. Aliinama mara tatu, ya nne akashindwa, akaviacha vidato tisa vya chini na vumbi lake. Saa mbili kasoro robo walifika wale wanne, vijana watatu na mwalimu mmoja mwenye mvi, wakamwamkia, wakapanda. Mwalimu alimpita Nube, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hupandi?"

"Nasubiri kitabu," Nube alisema. Alikuwa amevaa sketi ya bluu.

Mwalimu alimtazama Virgilio kutafuta maelezo, akayakosa, akapanda.

Mkurugenzi, kwa ajili ya mgeni, alikuwa ameshuka. Mgeni alikuwa mama mrefu wa miaka hamsini, Begoña Larrazábal, amevaa viatu vya kutembelea milimani na ana ripoti ya mwaka uliopita imejaa vikaratasi vya njano. Alisifu mawe, alisifu maua, aliuliza umri wa chemchemi ya uani. Halafu akafungua penye kikaratasi cha mwisho.

"Hapa ndipo palipowapendeza sana wenzangu Madrid," alisema. "Naomba nilione hilo daftari."

"Daftari?" Mkurugenzi akasema.

"La bawabu. Mmeandika hapa." Akavaa miwani akasoma. "'Wageni wasioweza kutembea, bawabu huwa *los marca* mpaka ukumbi wa juu.' Anawatia alama, anawaandikisha. Mpaka ukumbi wa juu. Tulidhani ni namna ya kuwafuata kila hatua, kujua nani amefika wapi. Miaka sita mfululizo, maktaba nyingine hazifanyi hivyo. Tulitaka kuwaonyesha wengine."

Fausto alipiga chafya ambayo haikuwa chafya. Nube alicheka. Alicheka kichwa kimeegemea nyuma ya kiti, na mwangwi wa ua ukamrudishia kicheko chake, akacheka zaidi.

"Nimesema nini?" Begoña aliuliza. Alimwuliza Nube.

"Hujakosea, mama. Kwenu ni kutia alama. Kwetu ni kitu kingine."

"Ni lugha ya hapa," Mkurugenzi aliingilia haraka, shingo imekuwa nyekundu. "Lugha ya mapenzi, tuseme. Maana yake wanasaidiwa. Msaada wa mtu kwa mtu, jambo ambalo mashine haiwezi. Don Virgilio, njoo. Njoo umweleze mama mwenyewe, wewe ndiye mwenye neno lako."

Virgilio alikuja. Alitembea akiwa amenyooka mno, kama mtu aliyebeba gilasi iliyojaa. Juu, msimamizi alisikika akiwaambia watahiniwa waweke mikoba pembeni. Zilikuwa zimebaki dakika nne.

"Unawasaidiaje, Don Virgilio?" Begoña aliuliza. Kalamu ilikuwa imefunguliwa.

"Nawabeba, mama."

"Unabeba viti vyao?"

"Viti anavibeba Fausto. Mimi nawabeba wao. Hivi." Akainua mikono miwili mbele yake, imejikunja, mitupu, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Aliishikilia pale kitambo. Wote wakaitazama ile nafasi tupu kati ya mikono, Mkurugenzi pia, na ilionekana hakuwahi kuitazama.

"Ngazi hii yote?"

"Vidato thelathini na kimoja."

"Na wanapotaka kushuka?"

"Wananisubiri. Nikiwa nakula, wananisubiri nimalize."

Begoña aliitazama ngazi, akamtazama Nube na sketi yake ya bluu na penseli mbili mapajani. "Na wewe je? Unakwenda wapi?"

"Nina mtihani huko juu," Nube alisema. "Baada ya dakika tatu."

"Na atapandishwa!" Mkurugenzi alisema. "Hilo tumeshakubaliana tangu Jumatano, mbele ya baba yake. Don Virgilio, tafadhali. Mbebe mtoto. Mama ataona utaratibu wenyewe kwa macho yake, kuliko kusimama hapa tukichambua maneno." Akapunguza sauti, na ndani ya sauti ile mlikuwa na paa, na ndoo, na miaka miwili iliyobaki. "Don Virgilio. Mbebe."

Nube hakusema hapana. Alikuwa ameyasema yote nyumbani. Aliziweka penseli sawasawa mapajani, akakaza mikono kwenye magurudumu, akamtazama baba yake, na safari hii alimtazama kwa muda mrefu.

Virgilio alikuwa bado ameinua mikono. Aliishusha. Kiuno kilimchoma, lakini kilichomzuia hakikuwa kiuno, na hakutaka mtu yeyote aje kudhani baadaye kwamba kilikuwa kiuno.

"Hapana, daktari wangu."

"Unaumwa? Kama unaumwa, Fausto—"

"Naumwa, ndiyo. Lakini hata ningekuwa mzima." Sauti yake ilikuwa ya chini, na ua ukaichukua na kuipandisha hadi roshani, ambako mwalimu mwenye mvi alikuwa ametokeza kichwa. "Mama, hapo kwenye karatasi, penye swali kama panafikika. Daktari ametia ndiyo. Aliitia kwa sababu yangu, nilimjibu vibaya. Kufikika hakupo. Nilikuwepo mimi tu. Tia hapana."

Kalamu ya Begoña ilikwenda. Katika ua ule ilisikika.

"Na mtihani?" Mkurugenzi aliuliza, na haikujulikana anamwuliza nani. "Kitabu hakishuki, Don Virgilio. Kibao unakijua. Unajua kimeandikwa nini!"

"Nakijua, nakifuta vumbi." Virgilio alikuwa ameshashika ukingo wa ngazi, mguu mmoja juu ya kidato cha kwanza, chenye vumbi. Aligeuka, akamtazama binti yake na si Mkurugenzi, na akasema kwa lile neno la akina mama, lile la mtoto mchanga: "Nitengwe mimi. Mwanangu si wa kubebwa. Kibebwe kitabu."